Filamu yetu ya kutisha ya chuo imepata wasambazaji watatu, nimpe nani?

#1 kamera_ya_mkopo

Wadau, habari za usiku. Naomba akili zenu kabla sijatia sahihi kitu cha kujutia.

Tuko watano, tumemaliza kozi ya filamu mwaka huu hapa Nairobi. Mradi wa mwisho ulitakiwa uwe wa dakika 20, ukatutoroka mkononi, ukawa filamu kamili ya dakika 74. Inaitwa Tangi. Ni ploti moja ya wapangaji mtaani Umoja, ghorofa sita, maji huja saa tisa usiku peke yake, na kila keateka, yaani msimamizi wa jengo, akifungua valvu, kukipambazuka kuna mpangaji mmoja haonekani. Tulirekodi usiku 19. Bajeti nzima ilikuwa shilingi 380,000: michango, mkopo kutoka chama cha mama yangu, na pikipiki ya mwenzetu iliyouzwa. Kamera ilikuwa ya chuo. Ile sehemu giza linapoingia ghafla, ambayo kila mtu anaisifu, hapo tokeni ya stima ilikuwa imeisha kweli.

Tuliweka trela mtandaoni, ikatembea. Sasa tuna watu watatu.

Wa kwanza ni kampuni ya mauzo ya nchi za nje. Wanataka haki za dunia nzima, njia zote za kuonyesha, miaka 15. Kamisheni asilimia 30. Gharama zao za soko wanajirudishia kwanza, "zisizozidi dola 25,000". Malipo ya kutanguliza hakuna.

Wa pili ana ofisi ghorofa ya tatu huko chini mjini. Shilingi 150,000 taslimu, tumkabidhi diski na kila kilichomo, tusahau. "Mambo ya asilimia yataumiza vichwa vyenu bure, vijana."

Wa tatu ni agrigeta wa mtandaoni. Tunamlipa dola 900, anatuingiza kwenye majukwaa ya kutazama filamu, na pato lote linakuwa letu.

Wawili kati yetu wanataka wa kwanza kwa sababu neno "dunia nzima" ni tamu. Mmoja anataka wa pili kwa sababu ana deni la nyumba la miezi miwili. Mimi silali.

#2 mtoto_wa_ngara

Chukueni laki na nusu. Mrudishieni jamaa pikipiki yake.

#3 mama_subira

Nimekaa na bisi zangu hapa. Trela niliiona, nikafunga mfereji wa jikoni mara mbili.

#4 MzeeWaRiverRoad

Kijana, wengi humu watakuambia usimuuzie huyo wa ghorofa ya tatu. Mimi nitakuambia kwa nini, maana huyo mtu wa ghorofa ya tatu nilikuwa mimi.

Enzi za VCD na DVD nilikuwa na duka River Road. Vijana walikuja na masta, yaani kanda mama, ya vichekesho vya Kikuyu, Kikamba, Kikisii. Nilikuwa nikinunua masta nzima kwa pesa ya mkononi, na siku ya kulipa kijana alitoka akicheka kuliko mimi. Kanda moja ya vichekesho niliilipia elfu sitini mara moja tu. Niliuza nakala zake miaka minne. Mwenyewe alikuwa anakuja dukani kununua nakala ya kumpelekea shangazi yake, na alilipa bei ya duka. Sikumwibia, karatasi alitia sahihi. Lakini hadi leo tukikutana Kirinyaga Road huwa namwita chai nilipe mimi.

Sasa sikiliza hesabu ya huyo wako. DVD zimekufa, anajua. Laki na nusu yako haiitafuti kwenye diski. Atapeleka filamu kwa runinga moja, halafu nyingine. Atauzia kampuni za mabasi ya masafa. Ataiweka kwenye chaneli yake ya YouTube ambayo tayari ina watu, iendelee kulipa miaka na miaka. Ataikata vipande vya dakika tatu vya kushtua watu kwenye simu. Na siku mtu wa nje akiitaka, atakayeuza ni yeye. Ninyi mtasoma habari hiyo kama sisi wengine.

Mkiwa na njaa sana, uzeni kitu kimoja: runinga ya Kenya peke yake, miaka miwili, iandikwe hivyo. Akikataa, ujue alichokuwa akinunua ni yale mengine.

#5 BongoMhariri

Shikamoo Mzee. Huku Dar ilikuwa hivyo hivyo, masta inapelekwa Kariakoo, unapewa bahasha, basi. Nilihariri filamu mbili zilizouzwa jumla namna hiyo. Baadaye nikaziona kwenye king'amuzi nikiwa saluni nanyolewa. Kinyozi ananiambia "bro, si ndiyo kazi yako ile?" Nikasema ndiyo. Akanitoza elfu tatu kama kawaida.

#6 Wakili_Mdogo

Nasoma haya kama wakili, ingawa si wakili wenu, kwa hiyo pelekeni mkataba wenyewe kwa mtu ausome wote.

Tuanze na kampuni ya nje, maana hiyo ndiyo inayopendeza macho. Tuseme filamu imeingiza dola 20,000, na kwa filamu ya wanafunzi hiyo ni bahati nzuri. Kamisheni asilimia 30, yaani 6,000, zinatoka. Zinabaki 14,000. Sasa wanajirudishia gharama, na wana ruhusa ya kufika 25,000. Ninyi mnapata sufuri na kwenye vitabu vyao bado kuna dola 11,000 ambazo filamu "haijawalipa". Mkataba ule ule, badilisha kikomo kuwa 3,000: zile 14,000 zinatoa 3,000, zinabaki 11,000. Ni elfu kumi na moja zile zile, ila sasa ziko kwenu. Asilimia ya kamisheni haikuguswa kabisa. Ndiyo maana nasema msibishane kuhusu 30 au 25. Bishaneni kuhusu gharama.

Na kikomo kinachozidi bajeti ya filamu nzima zaidi ya mara nane hakimzuii mtu yeyote kitu. Waulizeni gharama hizo ni zipi. Makampuni haya hupeleka orodha ya filamu nyingi kwenye masoko, Cannes mwezi wa Mei, American Film Market mwezi wa Novemba. Meza moja, tiketi moja ya ndege, bango moja. Mkataba ukikaa kimya, kila filamu kwenye orodha inaweza kuandikiwa meza hiyo hiyo.

Halafu miaka 15. Hakimiliki ya kazi ya picha na sauti Kenya ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotolewa. Mnampa mtu karibu theluthi moja ya uhai wa filamu, na miaka ile ya mwanzo ambayo ndiyo yenye pesa, bila yeye kutoa hata senti ya kutanguliza. Mtu asiyelipa kitu mbele apewe miaka mitano, saba ikizidi sana. Na kuwe na kipengele kwamba akishindwa kufikisha mauzo ya kiasi fulani ndani ya miezi 18 au 24, haki zinarudi. Zirudi pia akifilisika. Hilo la kufilisika watu huliruka kwa sababu linaonekana la mkosi.

Ripoti iwe ya kila robo mwaka, hata kama ni ya sufuri, na muwe na ruhusa ya kukagua vitabu.

Jingine, na hili ni la filamu za kutisha hasa: msiruhusu abadilishe jina au kukata filamu bila idhini yenu ya maandishi. Mwaka wa 1968 vijana wa Pittsburgh, Marekani, walitoa Night of the Living Dead, filamu ya kutisha iliyowagharimu takriban dola 114,000. Ilikuwa na jina jingine. Msambazaji akabadilisha, kibao cha jina la zamani mwanzoni mwa filamu kikaondolewa, na tangazo la hakimiliki lilikuwa juu ya kibao hicho. Kipya kikawekwa bila tangazo. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilidai tangazo liwepo, kwa hiyo filamu ikawa ya kila mtu tangu siku hiyo, na ikawatajirisha wasiohusika. Sisi tuko ndani ya Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1993, hakimiliki yenu haitegemei kibao. Lakini jina linaweza kuwaponza kwa njia nyingine: mtu akiiita kwa jina jipya, hamtaipata hata mkiitafuta mtandaoni.

Mwisho, swali ambalo hamkuliuliza. Filamu ni ya nani? Kamera ya chuo, mradi wa darasa. Mlitia sahihi fomu gani mwaka wa kwanza?

#7 kamera_ya_mkopo

Wakili, umenitoa jasho. Fomu nimeipata kwenye barua pepe ya zamani. Imeandikwa kwamba kazi zote zilizotengenezwa "kwa vifaa vya taasisi" ni mali ya taasisi. Tulitia sahihi siku ya kupewa kitambulisho, foleni ilikuwa ndefu.

#8 mtoto_wa_ngara

Kwa hiyo mmekaa mnachagua nani wa kumuuzia ng'ombe wa jirani.

#9 Wakili_Mdogo

@mtoto_wa_ngara umecheka lakini umesema kweli.

@kamera_ya_mkopo usiogope, hili huwa linatatulika. Andikeni barua kwa mkuu wa idara, ya heshima, mkiomba chuo kiwaachie haki za biashara na kibaki na ruhusa ya kuionyesha darasani na kutangaza kwamba ilitoka kwao. Vyuo hupenda sifa. Barua ijibiwe kwa maandishi, na muhuri. Msambazaji wa maana ataidai kabla ya kutia sahihi. Asipoidai, hiyo nayo ni habari kumhusu.

Kisha orodhesheni kila mtu. Waigizaji wote wametia sahihi? Mwandishi? Aliyepiga muziki? Mwenye ploti? Mkimaliza, sajilini filamu na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Usajili si ndio unaoleta hakimiliki, ila siku ya ugomvi ni ushahidi mzuri.

#10 kamera_ya_mkopo

Waigizaji 9 kati ya 11 wametia sahihi. Mmoja yuko Doha kazini, mwingine ni nyanya wa ghorofa ya nne, tulimpa sukari na unga akakubali kwa mdomo. Muziki mwingi ni wa mwenzetu. Lakini kuna sehemu ya matatu, dakika moja na nusu, wimbo unapigwa humo ndani ambao kila mtu anaujua. Tulirekodi ndani ya matatu ya kweli.

#11 sauti_ya_chini

Huo wimbo utoke leo. Nimefanya sauti za filamu miaka tisa na kila mwanafunzi ana sehemu ya matatu. Mnahitaji ruhusa mbili, ya aliyetunga na ya mwenye rekodi, na kwa wimbo unaojulikana hizo mbili zinaweza kuzidi shilingi zenu 380,000. Tafuteni kijana wa mtaani mwenye mdundo wake, mpeni elfu chache na karatasi ya kutia sahihi. Shida yenu itakuwa kama mazungumzo yalirekodiwa pamoja na wimbo kwenye maikrofoni moja. Je, ndivyo?

#12 kamera_ya_mkopo

Ndivyo.

#13 sauti_ya_chini

Basi mtarudia mazungumzo ya hiyo dakika na nusu kwenye kabati la nguo, blanketi ukutani, simu ya mkononi ikichezesha picha. Inawezekana. Nimeona kazi nzuri imetoka kabatini.

Na mkiwa huko, tengenezeni pia mkondo wa sauti usio na maneno ya watu: hatua, maji, milango, muziki, bila mazungumzo. Mnunuzi wa nje anayetaka kutia sauti za lugha yake ataudai. Kama hamna, watautengeneza wao na bili itaingia kwenye zile "gharama" za Wakili. Vivyo hivyo maandishi ya tafsiri. Sheng yenu msimwachie mtu wa Los Angeles aitafsiri.

Mlirekodi picha 25 kwa sekunde au 24? Ukumbi wa sinema unataka DCP, yaani faili maalum la kuonyeshea ukumbini, na kwa kawaida ni 24. Kubadilisha kunawezekana ila sauti ikaguliwe upya. Na picha za mnato mnazo? Simaanishi zilizokatwa kutoka kwenye filamu. Picha alizopiga mtu akiwa seti, zenye ubora wa bango.

#14 kamera_ya_mkopo

25. Picha za mnato hatuna. Tuna selfie.

#15 mama_subira

Selfie na zimwi?

#16 kamera_ya_mkopo

Na keateka. Yeye ndiye zimwi.

#17 ShangaziWaSinema

Niruhusuni niingie kwa upande wa ukumbi. Nilikata tiketi na baadaye nikapanga ratiba kwenye sinema moja hapa Nairobi kwa miaka kumi na mmoja. Siku hizi kumbi nyingi za zamani za katikati ya jiji zimegeuka makanisa, zilizobaki ziko kwenye maduka makubwa.

Mwanangu, katika wale watatu hakuna hata mmoja atakayekuleta ukumbini kwetu. Wa nje hajui Ngong Road iko wapi. Wa ghorofa ya tatu hana haja. Agrigeta kazi yake ni ya mtandao. Kumbe filamu ya Kenya huingia ukumbini kwa mtengenezaji mwenyewe kubisha mlango. Mnazungumza na meneja, mnagawana pato la tiketi, mara nyingi karibu nusu kwa nusu, na yeye anataka kujua mtaleta watu wangapi. Hajali kamera ilikuwa ya nani.

Kabla ya hayo, cheti cha KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya. Bila cheti filamu haionyeshwi mbele ya umma, na bango nalo lipitishwe. Madaraja ni GE ya watu wote, PG ya watoto kwa uangalizi wa mzazi, 16 na 18. Hili mlifikirie mapema kuliko mnavyodhani, maana runinga zetu kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku zinatakiwa zionyeshe vitu vya watu wa umri wote. Mkipata 18 mmejifungia usiku wa manane. Nimeiona trela, hofu yenu iko kwenye mfereji, damu ni kidogo. Msiongeze damu ili kumfurahisha wakala. Kuna mkurugenzi mmoja kijana aliongeza sekunde arobaini za matumbo kwa sababu mnunuzi alimwambia "iwe kali zaidi". Mnunuzi akapotea, daraja likapanda, runinga ikakataa.

Na saa ya kuonyesha! Watu wa filamu za kutisha hupenda saa tatu na nusu usiku. Mtazamaji wa Nairobi anawaza nauli ya kurudi. Wekeni saa kumi na mbili na nusu jioni. Akitoka saa mbili kasoro, giza lipo la kutosha na matatu bado zipo.

#18 karani_wa_hesabu

Nyongeza fupi. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani. Pato la haki linalotoka kwa watazamaji wa Marekani linaweza kukatwa asilimia 30 huko huko kabla halijavuka maji, hata la YouTube. Mtajaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, msiipuuze. Kwenye hesabu yoyote mnayoota usiku, toeni hiyo kwanza.

#19 kijana_wa_chaneli

Mnazunguka sana. Pandisheni YouTube bure. Trela tayari imetembea. Wasambazaji wa nini karne hii?

#20 Wakili_Mdogo

Kulipwa kwa matangazo kunahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12. Mna chaneli au mna trela?

#21 kijana_wa_chaneli

Chaneli hujengwa.

#22 MzeeWaRiverRoad

Hujengwa, ndiyo. Lakini filamu ikishakaa bure hadharani, tamasha linalotaka onyesho la kwanza halikuchukui, na mnunuzi anakuuliza anunue nini ambacho mtoto wake hajakiona. YouTube iwe mwisho wa safari. Siku mbili baada ya kuipandisha itakuwa kwenye duka la muvi la mtaani kwako, inatiwa kwenye flashi na vipindi vya Kikorea.

#23 mtoto_wa_ngara

Sasa mbona ile filamu ya kutisha ya Marekani, Paranormal Activity, ilitengenezwa na kama dola 15,000 ikaingiza zaidi ya milioni 190? Kampuni kubwa ikaichukua. Wa kwanza ndiye!

#24 BongoMhariri

Ilimalizika 2007, ikafika kumbi za sinema 2009. Miaka miwili mtu anangoja simu. Wewe deni la nyumba litakungoja?

Mfano mimi naupenda ni wa Wajapani, One Cut of the Dead. Shule ya filamu na uigizaji ya Tokyo, bajeti yen milioni 3, waigizaji wasiojulikana. Ilipotoka 2018 ilianza kumbi mbili tu. Watu waliotoka ndani wakawa wanawakataza wenzao kusoma habari zake, "nenda tu." Ikafika zaidi ya yen bilioni 3. Walianza padogo walipoweza kuhesabu vichwa. Na hata hivyo mapema 2019 mtu asiye na haki yoyote aliipandisha Amazon kama mali yake, wasambazaji halisi wakaanza kuhangaika kuiondoa. Kwa hiyo msidhani mkataba ni kufuli. Ila bila karatasi mngebisha hodi Amazon mkisema ninyi ni nani?

#25 sauti_ya_chini

Na yule agrigeta wa dola 900? Hakuna aliyemgusa.

#26 Wakili_Mdogo

Ni huduma, kama kulipia usafirishaji wa mzigo. Hachagui, hatangazi, anapakia. Ubaya ni kulipa mbele. Mwaka wa 2019 kampuni ya Marekani ya aina hiyo, Distribber, ilianguka, na watengenezaji waliokuwa wamelipa ada wakabaki bila huduma, wengine bila hata pato lao lililokuwa limeshaingia huko. Siku hizi wapo wasiotoza ada ya mbele, wanakata asilimia, na hawadai haki za kipekee. Kama ni lazima, hao kwanza. Lakini filamu isiyo na mtu wa kuitangaza ndani ya jukwaa lenye maelfu ya filamu ni sindano kwenye shamba la miwa.

#27 MzeeWaRiverRoad

Kijana, fanya kitu kimoja ambacho hakina gharama. Hiyo kampuni ya nje ina orodha ya filamu kwenye tovuti yao. Chagua tano ndogo kama yenu, sio zile za mbele. Tafuta waliozitengeneza, uwaandikie moja kwa moja: mlilipwa? ripoti huja? Sisi zamani tuliogopa wateja kukutana kwenye ngazi.

#28 kamera_ya_mkopo (baada ya siku kumi na mbili)

Nimerudi. Niliandikia watano, wakajibu watatu.

Mmoja wa Ufilipino alisema wanajibu barua vizuri, amepata dola 600 kwa miaka mitatu. Mwingine hajawahi kuona ripoti tangu atie sahihi, miaka minne. Wa tatu alinipigia simu, mwanamke wa Poland, akazungumza saa nzima. Filamu yake walibadilisha jina na kuweka msichana mwenye kisu kwenye bango. Kwenye filamu hakuna msichana wala kisu. Ni filamu kuhusu baba mkulima.

Niliirudishia kampuni maswali ya Wakili. Kuhusu kikomo cha gharama walisema "ni kiwango chetu cha kawaida". Kuhusu haki kurudi wasipouza, hawakujibu, wakatuma tu mkataba ule ule na tarehe mpya.

Yule wa ghorofa ya tatu nilimwambia runinga ya Kenya peke yake, miaka miwili. Akacheka, akaniuliza nani ananifundisha. Akashuka hadi elfu thelathini.

#29 MzeeWaRiverRoad

Umeona. Laki na ishirini ilikuwa bei ya yale mengine. Na huenda kosa ni langu, hiyo elfu thelathini ningeichukua.

#30 Wakili_Mdogo

Chuo?

#31 kamera_ya_mkopo

Barua imejibiwa, na muhuri. Wanataka nembo yao mwanzoni, sekunde tano, na waionyeshe kwenye sherehe ya kuhitimu. Wa Doha alitia sahihi kwa simu. Nyanya alikataa kutia sahihi hadi tumwonyeshe filamu. Tulimwekea kwenye kompyuta mezani kwake, akatazama yote bila kusema neno, akasema sauti yake tumeifanya ya mzee. Akatia sahihi.

Matatu tumeirudia kabatini. @sauti_ya_chini huwezi kujua.

#32 kamera_ya_mkopo (wiki sita baadaye)

Wadau, niwape habari kamili maana wengine mmenitafuta kisiri.

Tulipata daraja la 16. Kabla ya kumpa mtu yeyote haki, tulifanya kama alivyosema Shangazi, tukabisha mlango. Jioni tatu, saa kumi na mbili na nusu, tiketi shilingi 300, malipo kwa M-Pesa. Jioni ya kwanza walikuja 61, nusu ni ndugu zetu. Ya pili 88. Ya tatu 140 na tukawarudisha watu. Ukumbi ulichukua nusu yake. Chama cha mama kimelipwa sehemu. Pikipiki bado.

Zile namba tatu zimetusaidia kuliko trela. Nilizitia kwenye barua kwa kampuni ndogo inayoshughulika na filamu za kutisha peke yake, aliyenielekeza ni yule dada wa Poland. Wametoa hivi: Marekani na Kanada tu, miaka mitano, kamisheni asilimia 20, kikomo cha gharama dola 2,500 na kila gharama ionyeshwe risiti, ripoti kila miezi mitatu, jina libaki Tangi. Hakuna pesa ya mbele. Afrika yote imebaki kwetu. Runinga ya hapa tunazungumza nayo wenyewe, saa nne na nusu usiku. Wakili mmoja wa Ngara ameusoma mkataba kwa elfu nane, ametia kalamu nyekundu mahali pawili. Bado hatujatia sahihi.

Na hatujatia sahihi kwa sababu ya mwenye ploti.

#33 ShangaziWaSinema

Nilijua. Hamkuwa na karatasi yake.

#34 kamera_ya_mkopo

Tulikuwa na neno la keateka, na tulimlipa keateka. Landilodi anakaa Kitengela, alikuwa hata hajui. Jioni ya tatu wapangaji wake walikwenda ukumbini kwa kikundi, wakarudi wakimwita zimwi kwenye grupu la WhatsApp la ploti. Akaja na mkewe, akataka elfu hamsini au filamu isimame.

#35 Wakili_Mdogo

Mkafanyaje?

#36 kamera_ya_mkopo

Tulimwalika nyumbani kwa Nyanya, tukamwonyesha. Alitazama kwa makini kuliko mwalimu wetu yeyote. Mwishoni akasema elfu hamsini aachane nazo, atatia sahihi kwa masharti mawili. La kwanza, jina lake liandikwe kwenye shukrani, kwa herufi kubwa. La pili, mwishoni kabisa tuweke maandishi yasemayo kwamba katika ploti halisi maji huja kila siku, mchana.

Jina tumekubali. Hilo la pili tunabishana naye. Kesho tunarudi.

#37 mtoto_wa_ngara

Kwani kwa ukweli yanakuja saa ngapi?

#38 kamera_ya_mkopo

Saa tisa usiku.